Kristo Mhenga Wetu: Thomas wa Akwino Katika Nyanda za Kati



Mvua zinapochelewa hapa Dodoma na wazee wakaanza kutaja tambiko, waumini hutuuliza: je, babu zetu marehemu wana nafasi gani mbele ya Kristo? Swali hili si la kupuuzwa. Na chombo kimojawapo cha kulijibu tulikipokea kutoka vyuo vya Ulaya vya karne ya 13.

Teolojia ya Kiskolastiki ni teolojia ya shuleni. Ndiyo maana ya jina lake. Mwalimu alianza na swali, akaeleza pingamizi kwa haki, akatoa jibu, kisha akarudi kwa kila pingamizi. Ndivyo Mtakatifu Thomas wa Akwino (1225–1274) alivyoandika Summa Theologiae. (Wanaoikimbia, mara nyingi wanakimbia unene wake tu.)

Thomas aliuliza: tukimwita Mungu "mwema", neno hilo lina maana ileile kama tunapomwita jirani "mwema"? Akajibu: si sawasawa kabisa, wala si tofauti kabisa, ni kwa mlinganisho. Wema wa jirani hutoka kwa Mungu, hivyo humfanana kwa mbali.

Padre Charles Nyamiti wa Tabora, aliyezaliwa 1931 na kusoma Seminari Kuu ya Kipalapala, aliutumia mlinganisho huo katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya Kristo kama Mhenga wetu. Kwanza alichambua mhenga ni nani: ndugu yetu aliyefariki, aliye karibu na Mungu, mwombezi, kielelezo cha mwenendo, anayestahili kukumbukwa kwa sala. Kisha akapima lipi linamfaa Kristo na kwa namna gani. Kristo ni ndugu yetu katika Adamu, lakini kwa kuwa ni Mungu kweli, undugu wake hauishii katika ukoo. Mhenga wa Mgogo hamhusu Mnyamwezi. Kristo anawahusu wote wawili. Hapo wahenga ndio wanaopimwa kwa Kristo, si Kristo kwa wahenga.

Wapo waliomlaumu Nyamiti kwamba alizama mno katika uchambuzi, akawa mbali na njaa na umaskini wa watu. Lawama hiyo ina uzito. Lakini bila mlinganisho, mzee anayeuliza juu ya tambiko tungemjibu kwa njia mbili tu: ama "ni ushetani", ama "ni yaleyale".