Mumebadilisha sisteme na kle ya USB haifunguki? Musiiformate mbio!



Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Ordinatere nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Juu ya ile, watu wengine wanaweka Linux, kama vile Ubuntu, ambayo hailipishwi. Ni wazo nzuri. Lakini siku ya kwanza mwandishi anaingiza kle ya USB, na kle haifunguki.

Tuseme mu ile kle kuko orodha ya memba, makilo ya birayi na maharagi ambayo kila mutu alileta, na deni za mbegu. Memba wako inje wanangojea malipo. Hapo ndipo mutu anabonyeza "Formater" ili shida iishe. Musifanye vile! Kuformata ni sawa na kuchoma daftari ya depo. Mara nyingi hesabu ziko salama ndani. Ordinatere tu ndiyo haijui kufungua mulango.

Shida inatoka wapi?

Fikirini depo mbili. Moja inapanga mifuko kufuatana na kijiji, ingine kufuatana na mwenye mufuko. Mutu asiyejua mpango hawezi kupata mufuko wake. Kle nazo ziko vile. Mipango inayojulikana sana ni tatu: FAT32, exFAT na NTFS. Windows inazijua zote. Linux nayo inajua FAT32 tangu zamani, lakini exFAT iliingia mu Linux yenyewe mwaka 2019 tu. NTFS inaijua pia, lakini kama kle ilingolewa mbele Windows imalize kuandika, inabaki na alama kwamba kazi haikuisha. Linux ikiona ile alama, inaweza kukataa kufungua, ao inakubali musome tu bila kuandika.

Mufanye hivi, hatua kwa hatua

1. Mungoe kle, muiingize ku tundu lingine la ordinatere ileile. Mujaribu pia kle ingine. Kama ile ingine inafunguka, tundu na ordinatere ni mazima.

2. Mupeleke kle yenye shida ku ordinatere ya jirani yenye Windows. Ikifunguka kule, mukopie kwanza fishie zote ku ile ordinatere, mbele ya kujaribu kitu kingine chochote. Kama hakuna mashine hata moja inayoiona, kle yenyewe inaweza kuwa imeharibika. Muache kuijaribu-jaribu, mutafute fundi.

3. Murudi ku Linux, mufungue programu "Disques". Kama kle inaonekana pale na ukubwa wake, mashine inaiona lakini haijaifungua. Mubonyeze alama ndogo ya pembetatu chini yake. Ikikataa, musome mpango wake ulioandikwa palepale.

4. Kama ni NTFS, muirudishe ku Windows. Mu "Ce PC", mubonyeze kle na kitufe cha kuume cha panya, kisha "Propriétés", "Outils", "Vérifier". Ikimaliza, mubonyeze "Éjecter" mbele ya kuitoa.

5. Kama ni exFAT na Ubuntu yenu ni ya mbele ya 2020, muombe fundi aweke Ubuntu mupya zaidi.

Na kama mulibaki ku Windows? Mufungue "Gestion des disques". Pengine kle iko pale lakini haina herufi yake, kama E ao F. Muibonyeze na kitufe cha kuume, muchague "Modifier la lettre de lecteur", mupatie herufi.

Ili isirudie tena

Fishie zikisha kukopiwa fasi mbili na mumehakikisha zinafunguka, hapo munaweza kuformata kle. Muchague FAT32: inafunguka karibu ku kila ordinatere. Haipokei fishie moja inayofika 4 Go, lakini hesabu za kooperative hazifikii hata kidogo pale.

Kila siku mubonyeze "Éjecter" mbele ya kungoa kle, hata kama kuko haraka, hata kama batri ya soleili inaelekea kuisha.

Na mbele ya kubadilisha sisteme, mukopie kila kitu ku kle mbili: moja ibaki kwa mutunza feza, ingine kwa prezida. Daftari ya karatasi nayo musiitupe. Mama aliyeleta mifuko yake ya birayi hajui FAT32 wala NTFS. Anajua makilo yake. Kazi yetu ni kuhakikisha yale makilo hayapotei.