Redio ya Pwani ukiwa Nairobi: piga hesabu ya bando

Msiba hutangazwa redioni nyumbani, nawe uko Kangemi au Kawangware. Mawimbi ya FM kutoka mlingoti wa Mombasa hayafiki huko. Lakini stesheni inayorusha pia kwenye intaneti yasikika kwa Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo kuliko kiganja, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512.

Haina tundu la spika. Ulizia kifaa cha sauti cha USB na waya wa kukiunganisha katika maduka ya Luthuli Avenue. Weka programu ya MPD, uipe anwani ya matangazo ya stesheni.

Kinachouma ni bando. Matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Ya 64 hula 29. Ukipewa chaguo, chukua 64: maneno yatasikika vizuri, na bando litadumu mara mbili.