Kisu gani unatia ndani ya sac wakati unaenda tereni?



Mwezi wa tisa unakaribia, sezoni A inaanza, na wengi kati yetu wataenda tereni: wengine kwa staji, wengine kwa kazi ya kwanza. Safari zenyewe tunazijua: moto moja, sac moja ya mugongoni, njia ya matope, na kulala kwa watu. Kila kitu chenye unaongeza, ni mugongo wako njo utakibeba. Sasa kisu ni kitu chenye mutu anatia bila kufikiri. Anapita sokoni, anaona kikubwa chenye kinangaa, ananunua. Lakini kwa sisi wa agronomia, kisu hakichaguliwe kwa macho. Kisu kibaya kinaharibu grefe, kinaweza kukuletea shida ku barieri, na mbaya zaidi, kinaweza kuhamisha ugonjwa toka shamba la mukulima moja mpaka kwa jirani yake.

Mbele ya kununua, jiulize maswali matatu: nitakata nini? Nitakisafisha namna gani? Na nani atakiona?

1. Nitakata nini?

Kazi yetu ina mikato ya namna tatu.

Kuna kukata vitu vigumu: migomba, matawi makubwa, majani ya njiani. Hiyo ni kazi ya panga, na panga usiibebe. Inakaribia nusu kilo, na ni vigumu ukose panga kwa mukulima yeyote wa kwetu. Utaazima pale pale.

Kuna kukata matawi madogo, vijiti vya mihogo na vipandikizi. Hapo sekateri inashinda kisu chochote, na ni salama zaidi kwa vidole. Hiyo beba.

Kuna mukato laini: kupandikiza avoka, maembe ao machungwa. Hapo unapashwa kuwa na grefuari, na sababu si ya kujionyesha. Grefuari ya kweli imenolewa upande moja tu. Upande wa pili uko sawa kama meza. Ukikata, jeraha la kijiti linatoka limenyooka, na kambiumu ya kipandikizi inalala vizuri juu ya kambiumu ya muti. Kisu cha jikoni kimenolewa pande mbili, kwa hiyo kinavutwa kupinda kidogo ndani ya muti. Ule upindo, hata mudogo, unaacha hewa katikati, na kipandikizi kinakauka mbele hakijashika. Grefuari zingine ziko na ulimi mudogo wa kuinulia ganda, kwa wale wenye wanapandikiza jicho. Wenye kutumia mukono wa kushoto, angalieni mbele ya kulipa: nyingi zimenolewa kwa wa kulia.

Kwa kazi zingine zote (kamba, magunia, kufungua muzizi ao tunda uone ndani), kisu kidogo cha kukunja kinatosha. Ubapa wa sentimeta 7 mpaka 9 unafanya karibu kila kitu. Mufano ni Opinel ya Ufaransa, yenye inatengenezwa tangu 1890: namba 8 ina ubapa wa sentimeta 8,5 na uzito wa gramu karibu 45. Tangu 1955 iko na pete ya chuma yenye inazuia ubapa kujifunga juu ya vidole. Hiyo njo alama ya kutafuta, hata kama unanunua kisu cha jina lingine: kisu cha kukunja chenye hakina kizuizi, siku moja kitafunga wakati unasukuma. Ubaya wa mushiko wa muti ni mvua: ukilowana, unavimba na kisu kinakataa kufunguka. Ukaushe pole pole, usiulazimishe.

2. Nitakisafisha namna gani?

Hapa njo penye watu wengi hawafikiri, na hapa njo penye kuna hatari kubwa.

Munyauko wa migomba, ule wenye wanaita BXW, unaletwa na bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia mwaka 1968, juu ya enseti, ndugu ya mugomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na kwetu ulianzia Masisi, Kivu ya Kaskazini, miaka hiyo hiyo. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizipasua unakuta rangi ya kahawia ndani. Ukikata shina, maji ya manjano yanatoka. Yale maji yako na bakteria, na yanabaki juu ya chuma chako. Wadudu wanaeneza ugonjwa kupitia ua la kiume, miche yenye kugonjwa inaueneza, na vyombo vyetu vya kukata vinaueneza.

Fikiri basi: ni nani mwenye anapita mashamba matano kwa siku moja akiwa na kisu kile kile? Si mukulima. Ni sisi. Mama mwenye anasomesha watoto kwa ndizi zake anakufungulia shamba juu umejitambulisha kama agronome, kisha unamuachia ugonjwa na unapanda moto kurudi mujini. Hatakuja kukushitaki popote. Ataona tu migomba inakufa.

Kwa hiyo kisu chenye ni rahisi kusafisha kinapita kisu chenye kina mambo mingi. Visu vya vifaa kumi na mbili, na mukasi, na kifungulio, na msumeno, vinapendeza, lakini utomvu unaingia ndani ya kila kiungo na hautoki. Kisu chenye ubapa moja, unakifungua, unakipangusa, unaona kila mahali.

Njia mbili zinajulikana vizuri. Ya kwanza ni moto: ubapa unakaa ndani ya ndimi za moto mpaka unakuwa moto sana, kisha unaacha upoe. Hiyo ni muzuri kwa panga ya mukulima. Kwa grefuari yako, hapana. Chuma chenye kimepata moto mpaka kinageuka rangi ya bluu kinapoteza ugumu wake, na hakitashika makali tena. Ya pili ni Jik: kipimo kimoja cha Jik ndani ya vipimo vitano vya maji. Toa kwanza udongo na utomvu, juu Jik haina nguvu sana juu ya uchafu. Chovya, kisha suuza na maji safi, kausha, pakaa mafuta kidogo. Usiruke hii ya mwisho: klori inakula chuma, hata ile ya inox. Kachupa kadogo ka dawa na kitambaa havina uzito. Fanya vile mbele ya kuingia shamba jipya, na ndani ya shamba lenye ugonjwa, kisha kila mugomba.

Na kwa kutoa ua la kiume, kisu kizuri ni kukosa kisu: tumia kijiti chenye panda, zungusha mpaka livunjike. Chuma hakigusi kitu, ugonjwa hauhami.

Juu ya chuma chenyewe: inox iko na kromu, inavumilia mvua na utomvu. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinakuwa kikali sana, lakini kinashika kutu na kinageuka cheusi. Kwa mutu wa safari mwenye hana muda wa kutunza, inox inatosha. Wengine sokoni wanajaribu na sumaku. Hilo jaribio ni bure: inox nyingi za visu zinavutwa na sumaku vile vile.

3. Nani atakiona?

Njia zetu zina barieri, tusijidanganye. Kisu kimoja, machoni mwa askari mwenye kuchoka, ni chombo ao ni silaha, kufuatana na penye kimewekwa. Ku mukaba ao ndani ya mufuko wa suruali, ni silaha. Ndani ya sac, kimefungwa pamoja na sekateri, vipande vya plastiki vya kufungia grefe, mita na daftari, ni chombo. Vile vitu vingine njo vinakisemea.

Umbo pia linasema. Okapi, kile kisu cha kukunja chenye mushiko wa muti na alama za mwezi na nyota, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni. Leo kinatoka Afrika ya Kusini, na jina lake ni la munyama wa pori letu la Ituri. Ni kisu cha kazi, lakini kule kusini kimepata jina la kisu cha wahuni. Visu vyenye ncha ndefu, vyeusi, vya mutindo wa kijeshi, ni vibaya zaidi. Acha.

Ukisimamishwa, usiingize mukono ndani ya sac ovyo. Sema mbele: “Shefu, humu kuna vyombo vya kazi ya mashamba, na kuna kisu cha kupandikiza. Nifungue?” Karatasi ya misioni yenye muhuri iwe juu kabisa. Kwa ndege, kisu kiingie ndani ya valizi ya chini, si ile ya mukono. Na kama eneo limechafuka, acha kisu nyumbani. Utaazima cha mukulima. Mwenye anabeba kisu kwa kujilinda, huyo hajaelewa kitu: mbele ya bunduki, kisu kinaongeza hatari tu.

Basi, mutu abebe nini?

Grefuari moja, sekateri moja, kisu kimoja kidogo cha inox cha kukunja chenye kizuizi. Kipande kidogo cha jiwe la kunolea, na Jik. Kama hauendi kupandikiza, grefuari ibaki. Chakula ukate na kisu cha wenyeji, wala si kile chenye kimeshinda ndani ya utomvu na dawa.

Sokoni, fungua kisu na utikise ubapa: ukicheza, rudisha. Kiangalie kwenye mwangaza: makali yenye yanangaa kama mustari mweupe yamelala. Jaribu kukata karatasi. Ukinoa grefuari, noa upande wenye mutelemko tu. Ule mwingine ulale juu ya jiwe bila kuinuka. Ukinoa pande zote mbili, umejitengenezea kisu cha jikoni cha bei kali.

Mukulima hatakumbuka kisu chako kilitoka inchi gani. Atakumbuka kama ulikisafisha mbele ya kuingia kwake.