Je, Wajua? Samuel Wanjiru: dhahabu ya Beijing, roshani ya Nyahururu

Je, wajua kwamba Kenya, pamoja na sifa zake zote za mbio ndefu, ilisubiri hadi mwaka 2008 ndipo ikapata dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki? Aliyeileta ni Samuel Kamau Wanjiru, tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing. Alikuwa na miaka 21. Hakufika 25. Huku kwetu Kinkondja, Kongo, ukitaja wanamichezo utatajiwa timu ya soka ya Mazembe, mwingine atakujibu Lupopo, na ubishi umeanza. Mkimbiaji hana nafasi katika ubishi huo. Wiki hii tumpe yeye ukurasa.

Je, wajua kwamba Wanjiru ni jina la kike? Kwa Wakikuyu ni jina la mwanamke, na Samuel alilipata kwa mama yake, aliyemlea bila mume. Uwanja mzima wa Beijing ulimshangilia kwa jina la mama.

Je, wajua kwamba mji wake, Nyahururu, zamani uliitwa Thomson's Falls, kwa sababu ya maporomoko ya maji ya zaidi ya mita 70 yaliyo hapo hapo mjini? Uko jirani na ikweta, lakini asubuhi watu wanatembea na masweta, maana ni takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa kando ya Ziwa Kisale tuko kwenye mita 600 hivi. Hata theluthi ya urefu huo hatufiki. Mtoto anayekulia kule huvuta hewa nyepesi tangu azaliwe, damu yake inazoea kubeba oksijeni nyingi, na akishuka mabondeni kushindana anakuta hewa ni tele. Watu wengi huishia hapo wakieleza siri ya Wakenya. Kwa Wanjiru hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili iko Japani.

Je, wajua kwamba alipelekwa Japani mwaka 2002, akiwa na miaka 15, hajui neno la Kijapani? Aliingia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei kwa ajili ya miguu yake. Wajapani wana mashindano wanayoyapenda kupita kiasi yaitwayo ekiden: mbio za kupokezana barabarani, kila mkimbiaji na kilomita zake, na badala ya kijiti wanapokezana mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani. Shule na makampuni huchukua vijana wa Kenya ili kupata nguvu. Kijana analala bwenini, anaamshwa gizani, anakula kilichopangwa, anakimbia kilichopangwa, analala saa iliyopangwa. Alipomaliza shule alichukuliwa na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, ambaye mwenyewe alipata fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Wanjiru akaijua lugha mpaka akawa anajibu waandishi wa habari kwa Kijapani.

Na hili wengi hawalijui hata Kenya kwenyewe: hadi siku ile ya Beijing, kila mwanaume wa Kenya aliyewahi kupata medali ya marathoni ya Olimpiki alikuwa amepikwa Japani. Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa Mombasa, fedha ya Seoul 1988. Eric Wainaina, shaba ya Atlanta 1996 na fedha ya Sydney 2000. Kisha Wanjiru. Sisikii hilo likisemwa sana na wanaopenda hadithi ya mtoto anayekimbia kilomita kumi kwenda shule.

Je, wajua kwamba akiwa na miaka 18 alivunja rekodi mbili ndani ya siku 16? Tarehe 26 Agosti 2005 mjini Brussels alikimbia mita 10,000 kwa 26:41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Tarehe 11 Septemba, Rotterdam, akakimbia nusu marathoni kwa 59:16, rekodi ya dunia ya watu wazima. Haile Gebrselassie wa Ethiopia akamnyang'anya mwaka uliofuata. Kijana akairudisha Februari 2007 huko Ras Al Khaimah, nchi za Ghuba, kwa 58:53, na mwezi mmoja baadaye akaishusha tena mjini The Hague hadi 58:33. Hesabu mwenyewe: ni kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 46 hivi, mara ishirini na moja mfululizo.

Sasa Beijing yenyewe, maana hapo ndipo ninapomtaka msomaji akae kidogo. Marathoni ya Olimpiki hukimbiwa majira ya joto, na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa moja: nendeni taratibu, mtazamane, vita vianze baada ya kilomita 35. Ndiyo maana rekodi ya Olimpiki ya Mreno Carlos Lopes, 2:09:21, ilikaa tangu Los Angeles 1984 bila kuguswa. Wanjiru hakuwa na habari na kanuni. Kilomita 5 za kwanza zilikwisha kabla ya dakika 15 kutimia, jua likipanda, unyevu wa Agosti ukining'inia hewani. Wakongwe walimfuata kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Nusu ya njia ilikatwa kwa saa 1, dakika 2 na sekunde 34. Kisha akaanza mchezo wake: anachomoka, anapunguza, anachomoka tena, mpaka kundi likabaki watu wachache wanaohema. Wa mwisho kung'ang'ania alikuwa Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili. Naye akaachwa. Wanjiru aliingia uwanjani peke yake, 2:06:32. Gharib alifika sekunde 44 baadaye; Tsegay Kebede wa Ethiopia, aliyepata shaba, alifika zaidi ya dakika tatu nyuma ya mshindi.

Je, wajua muda ule ulidumu kiasi gani? Miaka 16. Eliud Kipchoge alishinda Olimpiki mbili bila kuugusa. Ulivunjwa Paris, tarehe 10 Agosti 2024, na Tamirat Tola wa Ethiopia, kwa sekunde 6 tu.

Mwaka 2009 alishinda London kwa 2:05:10 na Chicago kwa 2:05:41, zote rekodi za njia. Akatwaa ubingwa wa mfululizo wa marathoni kubwa za dunia mara mbili kwa kufuatana, na kila ubingwa ulikuwa na zawadi ya dola 500,000. Jumla dola milioni moja, tukiacha zawadi za mbio zenyewe na malipo ya kujitokeza tu kwenye mstari. Aliyepewa hakuwa ametimiza miaka 24, na bweni halikuwepo tena.

Je, wajua kwamba mbio zake bora, kwa wanaozijua mbio, huenda si Beijing bali Chicago ya tarehe 10 Oktoba 2010? Alitoka kuugua tumbo. Mwezi Aprili alishindwa kumaliza London. Kebede alikuwa mzima na alijua mwenzake si mzima, akamshambulia tena na tena. Kila mara Wanjiru aliachwa hatua kadhaa, na kila mara akarudi. Kilomita ya mwisho walipishana mara kadhaa, kama mabondia walioishiwa ulinzi. Pale njia inapopanda kidogo karibu na mwisho, ambapo mkimbiaji mgonjwa angekubali nafasi ya pili na fedha yake nzuri, Wanjiru aliondoka kwa kasi ya mita 400. Kebede alifika sekunde 19 baadaye. Hiyo ndiyo marathoni ya mwisho aliyomaliza.

Kutoka Chicago hadi kifo chake ni miezi saba, na miezi hiyo haikuwa siri kwa mtu. Pombe ilijulikana. Desemba 2010 alikamatwa Nyahururu na kushtakiwa kwamba alitishia kumuua mkewe, na kwamba alikuwa na bunduki aina ya AK-47 bila kibali. Alikana. Januari gari lake likapata ajali, akaponea. Februari mkewe akaondoa shtaka lake, wakaonekana hadharani wamepatana. Kesi ya bunduki ikabaki mahakamani. Mimi nashika hili: Japani palikuwa na mtu wa kumwambia amka, na mtu wa kumwambia lala. Nyumbani alikuwa yeye mwenye pesa. Anayelipa bili ya meza nzima hapungukiwi marafiki, ila utafute kati yao atakayemwambia inuka, twende nyumbani. Na mke aliyetishiwa, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, hakuwa na kocha wala wakala wa kumkimbilia. Hilo nalo lihesabiwe tunapomlilia bingwa.

Usiku wa Jumapili tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya ghorofa ya kwanza ya nyumba yake katika mtaa wa Muthaiga. Usichanganye na Muthaiga ya matajiri wa Nairobi. Hii ni ya Nyahururu. Polisi walisema mkewe alimkuta chumbani na mwanamke mwingine, akawafungia, na ndipo yeye akapita kwenye roshani. Baada ya hapo kauli hazikulingana. Msemaji mmoja wa polisi alizungumzia kujiua, wengine wakaona aliruka kumfuata mkewe aliyekuwa akiondoka, na mama yake akashikilia kwamba mwanawe ameuawa.

Je, wajua kwamba alizikwa karibu wiki nne baadaye, tarehe 11 Juni? Mama alikwenda mahakamani kuzuia mazishi mpaka uchunguzi ukamilike. Ndugu waligawanyika, mali ikagombewa, na hata siku ya maziko palikuwa na vurugu na polisi walikuwepo. Nchi iliyosubiri dhahabu ile miaka yote ilitazama jeneza la bingwa likibishaniwa.

Je, wajua kuhusu Mkenya mwenzake, Kelvin Kiptum? Naye alishinda London na Chicago mwaka mmoja, 2023, zote kwa rekodi ya njia, na ile ya Chicago, 2:00:35, ikiwa rekodi ya dunia. Naye alikufa akiwa na miaka 24, usiku wa Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, katika ajali ya gari pamoja na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Kufanana kunaishia hapo. Kiptum hakuwa na kesi wala chupa. Alikuwa akijiandaa kwa marathoni ya Rotterdam.

Siku nne baada ya Kiptum alifariki mkimbiaji mwingine wa Kenya, Henry Rono, miaka 72. Mwaka 1978 Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji mita 3,000, mita 10,000, na mita 3,000. Olimpiki hakuikimbia kamwe, maana Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Pombe ilimtesa miaka mingi Marekani, na kuna wakati hakuwa na pa kulala. Yeye alipata muda wa kuiacha na kurudi nyumbani mzee.

Na Robert Wangila, bondia, dhahabu ya Seoul 1988? Alifariki Las Vegas mwezi Julai 1994, siku mbili baada ya pambano, akiwa na miaka 26.

Wa kwetu je? Je, wajua kwamba mwanasoka Pierre Ndaye Mulamba, aliyeitwa Mutumbula, aliombolezwa kwa kimya cha dakika moja akiwa hai? Katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri alifunga mabao 9, yakiwemo yote manne ya Zaire katika fainali na marudio yake dhidi ya Zambia. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kuheshimiwa, akarudi nyumbani, na wenye silaha wakamvamia wakidhani amerudi na pesa. Walimpiga risasi mguuni na mtoto wake akauawa. Akakimbilia Afrika Kusini, akawa analinda magari ya watu Cape Town. Mwaka 1998 ikavuma kwamba amefia Angola, na kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso uwanja ukasimama kumwombolezea. Alifariki kweli Johannesburg, tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70. Mabao yale 9 katika shindano moja, mpaka leo hakuna aliyeyafikia.