Viatu vya kupandia Kilimanjaro: namba sahihi ni ipi?

Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, huwaadhibu wapandaji waliochagua viatu visivyowaenea.

Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na katika baridi kali ya kilele cha Uhuru vidole huweza kuganda. Kiatu kikubwa kupita kiasi nacho huuacha mguu ukiteleza ndani, na malengelenge hufuata.

Wapandaji hushauriwa kujaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi nene watakazovaa mlimani. Kabla ya kufunga kamba, mguu usogezwe mbele hadi vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya kidole kimoja cha mkono.

Kisha kamba zifungwe, na mpandaji ashuke ngazi. Vidole vikigonga ncha, atafute namba nyingine, kwani kucha huumia zaidi wakati wa kuteremka kuliko wa kupanda.