Baada ya upasuaji wa ubongo, mpira una muda wake. Mto na baiskeli ni habari nyingine

Tuseme kijana wa Lupiro wilayani Ulanga, kiungo wa timu ya mtaani, amerudi kutoka Dar es Salaam akiwa ametolewa uvimbe kichwani. Kabla hajakaa sawa nyumbani, ndugu watakuwa wameshakata shauri: mpira basi. Kovu lililopita juu ya sikio ni ushahidi tosha. Lakini baada ya wiki chache kijana huyohuyo anaweza kukabidhiwa baiskeli apeleke mpunga mashineni, au akaenda peke yake kutega nyavu mtoni, na asitokee mtu wa kumzuia.

Madaktari wa ubongo wangepanga hofu hiyo kwa namna nyingine. Hatari ya mpira inatokana hasa na mfupa ambao haujaunga, na mfupa huunga. Hatari ya baiskeli na mto inatokana na kifafa, ambacho hakionekani kwenye kovu na hakina siku maalumu ya kuisha. Anayetaka kurudi michezoni salama anapaswa kuzitenganisha hatari hizi mbili.

Fuvu lililofunguliwa

Upasuaji wa aina hii nchini hufanyika katika hospitali kubwa chache, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Bugando jijini Mwanza. Kwa mkazi wa Lupiro, safari huanza kwa kuuvuka Mto Kilombero kwenda Ifakara. Tangu daraja lilipozinduliwa mwaka 2018, mgonjwa hasubiri tena kivuko.

Mara nyingi daktari hukata kipande cha fuvu, hufungua utando unaofunika ubongo, hutoa uvimbe, kisha hukirudisha kile kipande na kukikaza kwa vibamba na skrubu ndogo za titaniamu. Ngozi ya kichwa hupona haraka. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Mfupa hauna haraka hiyo. Ni kama dirisha lililobomolewa ukutani na kuzibwa upya kwa tofali zilezile: kwa nje ukuta ni mzima, lakini udongo haujakauka. Kwa mtu mzima, kuunga kabisa huchukua miezi mingi na kunaweza kupita mwaka. Vibamba kazi yake ni kukizuia kipande kisihame.

Wapo ambao mfupa wao haukurudishwa kwa sababu ubongo ulikuwa umevimba. Hao wana sehemu laini kichwani iliyofunikwa kwa ngozi tu, na michezo yote ya kugongana ni marufuku kwao hadi wafanyiwe upasuaji wa pili wa kuziba pengo. Wengine hutolewa uvimbe wa tezi ya pituitari kupitia puani. Hawana kovu kichwani, lakini kwa wiki kadhaa hawatakiwi kupenga kamasi, kuinama sana wala kunyanyua mizigo. Maji meupe yakidondoka puani na kuacha ladha ya chumvi kooni, huenda ni majimaji ya ubongo yanayovuja, na huo ni wito wa kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Ratiba inayokadiriwa

Hakuna kalenda moja inayomfaa kila mgonjwa, lakini mwelekeo wa madaktari wengi unafanana. Kutembea huanza mapema sana, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji, ili damu isigande miguuni. Wiki nne hadi sita za mwanzo ni za matembezi yanayoongezwa kidogo kidogo. Ndoo ya maji ya lita 20, jembe na gunia vinasubiri, maana kujikamua huongeza shinikizo ndani ya kichwa.

Kati ya mwezi wa pili na wa tatu, mgonjwa ambaye hana kizunguzungu wala maumivu makali ya kichwa anaweza kuanza mchakamchaka, kupiga danadana na mazoezi yasiyo na kugongana. Mechi yenyewe, yenye mabega na viwiko, wengi huiruhusu kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, baada ya picha ya CT au MRI kuonyesha hali nzuri. Kupiga kichwa ndiko kunakorudi mwisho, na kwa wengine hakurudi. Mpira wa watu wazima una uzito wa gramu 410 hadi 450 ukiwa mkavu, na mchezaji wa mtaani anaweza kucheza vizuri miaka yote bila kuupiga kwa kichwa. Ngumi ni mchezo ambao madaktari wengi humwambia mgonjwa auache moja kwa moja.

Wapenzi wa soka ya Uingereza wana mifano mitatu. Petr Čech, kipa wa Chelsea, alivunjika fuvu Oktoba 2006, akafanyiwa upasuaji na kurudi langoni Januari 2007 akiwa na kofia ya kinga aliyoivaa hadi mwisho wa maisha yake ya soka. Raúl Jiménez wa Wolves aliumia Novemba 2020 na kurudi kwenye ligi Agosti 2021. Ryan Mason wa Hull City aliumia Januari 2017, na Februari 2018 akatangaza kustaafu kwa ushauri wa madaktari. Wote watatu waliumia uwanjani, hawakuwa na uvimbe. Lakini fuvu lilifunguliwa na likahitaji kuunga. Majibu yao yalitofautiana, ingawa kila mmoja alikuwa na madaktari wa klabu wakimtazama kila siku. Kofia nayo ina mipaka: inaukinga mfupa, haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Kifafa: somo ambalo Ulanga inalijua

Uvimbe wa ubongo na kifafa ni majirani. Kwa uvimbe wa utando wa ubongo, uitwao meninjioma, takriban wagonjwa 3 kati ya 10 hupata kifafa kabla ya upasuaji. Kwa glioma zinazokua polepole, ni zaidi ya nusu. Upasuaji huwaondolea wengi tatizo hilo, lakini si wote, na kovu lililobaki kwenye ubongo linaweza lenyewe kuwa chanzo kipya.

Ukipanda barabara kutoka Lupiro unafika Mahenge, mahali penye historia ndefu ya ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta huko wagonjwa wa kifafa wengi kupita kawaida, akaanzisha kliniki kwa ajili yao. Utafiti wa baadaye umekihusisha kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wa mito inayokwenda kasi. Jilek-Aall aliandika pia juu ya hofu aliyoikuta: watu waliamini mate ya mgonjwa yanaambukiza, hivyo aliyeangukia motoni aliweza kuungua bila mtu kuthubutu kumshika.

Kifafa hakiambukizi. Mchezaji akianguka na kutetemeka uwanjani, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize chini. Kutetemeka kukipita dakika 5, au kukirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali.

Baiskeli, mtumbwi na maji

Mwaka 2016 wataalamu wa Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa waligawa michezo katika makundi matatu kwa kuuliza swali moja: mtu akipata kifafa katikati ya mchezo, nini kitamtokea yeye na walio karibu naye? Soka, wavu na mbio ziliwekwa kundi la hatari ndogo, kwa kuwa anayeanguka huangukia ardhini, mbele ya watu. Baiskeli, kuogelea na kupiga kasia zikawekwa kundi la kati. Kundi la hatari kubwa lina kupiga mbizi, kupanda miamba na mbio za magari na pikipiki.

Orodha hiyo ina maana kubwa bondeni Kilombero, ambako baiskeli na mtumbwi ni riziki kabla ya kuwa michezo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watu wenye kifafa wana hatari ya kufa maji mara 15 hadi 19 zaidi ya wengine. Mtoni hakuna mwokoaji wala maji meupe ya kuona aliyezama, na kuna viboko na mamba. Aliyewahi kupata kifafa, kabla au baada ya upasuaji, asiingie majini wala mtumbwini hadi daktari amruhusu, na hata hapo asiende peke yake. Baiskeli na bodaboda navyo visubiri ruhusa hiyo. Madaktari wengi hutaka miezi 6 hadi 12 bila kifafa.

Joto, homa na vidonge

Bonde hili ni la joto na malaria, na vyote viwili vinamhusu aliyepasuliwa ubongo. Homa kali inaweza kuamsha kifafa, kwa hiyo chandarua ni sehemu ya maandalizi ya mechi kama vilivyo viatu. Lakini homa na maumivu ya kichwa baada ya upasuaji si lazima iwe malaria. Kipimo cha haraka kikionyesha hakuna vimelea, au kidonda kikiwa chekundu na kutoa usaha, au shingo ikikakamaa, fikirieni maambukizi ya kidonda au ya utando wa ubongo. Hata kipimo kikionyesha malaria, mwambieni mhudumu wa afya juu ya upasuaji.

Dawa nazo zina sauti uwanjani. Deksamethazoni, inayopunguza kuvimba kwa ubongo, ikitumika kwa wiki nyingi hudhoofisha misuli ya mapaja, ndiyo maana mgonjwa hushindwa kuinuka kwenye kigoda. Nguvu hurudi dozi ikishushwa kwa utaratibu wa daktari. Kuikatisha ghafla ni hatari. Dawa za kifafa, hasa fenobabitali, huleta usingizi. Aliyetolewa uvimbe wa pituitari anaweza kupungukiwa homoni zinazousaidia mwili kuhimili jua, homa na mbio, akaishiwa nguvu na kutapika. Huyo asikimbie kabla damu yake haijapimwa. Anayepata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuendelea na matembezi, na mazoezi mepesi mara nyingi hupunguza uchovu. Anayetumia dawa za saratani zinazoshusha chembe za kugandisha damu akae mbali na michezo ya kugongana.

Kuna pia mabadiliko ambayo timu haiyaoni. Uvimbe ulioshika sehemu ya kuonea unaweza kumwacha mchezaji haoni upande mmoja, akashangaa anagongwa na mtu ambaye kila mmoja alimwona. Ulioshika nyuma ya ubongo huharibu mizani ya mwili. Uchovu nao huweza kubaki kwa miezi hata picha zikiwa safi. Mgonjwa ajaribiwe kwanza kwenye mazoezi, saa za asubuhi au jioni, maji yakiwa karibu.

Kukaa tu hakumfai mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, wakiwemo wenye maradhi ya kudumu kadiri wawezavyo. Kumfungia mgonjwa ndani kwa kumhurumia humnyima misuli, usingizi na marafiki.

Basi kabla ya kuondoka hospitali, mgonjwa na ndugu wapate majibu ya maswali matano, yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa ili mhudumu wa kituo cha afya Lupiro au Ifakara ayasome. Uvimbe ulikuwa wa aina gani, na uliisha wote? Mfupa ulirudishwa? Hatari ya kifafa ni kubwa kiasi gani, na dawa ni hadi lini? Picha inayofuata ni mwezi gani? Shughuli zipi ziruhusiwe sasa na zipi zisubiri, baiskeli na mto vikitajwa kwa majina? Kocha na nahodha waambiwe majibu hayo, pamoja na kanuni isiyo na mjadala: akigongwa kichwa, hata akisema yuko sawa, siku hiyo mechi yake imekwisha.