Mashini inakunywa maji, barafu haitoki

Saa kumi na mbili asubuhi mama msimamizi wa koperative moja ya wauza samaki hapa Majengo alitupigia simu: "Mashini iko inakunywa maji tu, barafu hakuna." Tilapia ya Vitshumbi ilikuwa imeshashuka garini, na sambaza ya ziwa letu haingoji mtu. Fundi wa kwanza alisema gazi imeisha, anaomba pesa ya kuijaza. Sisi ni watu wa mashamba, si wa frigo, lakini tuliomba kwanza kuangalia tiyo la kumwagia maji.

Lilikuwa linatiririka wakati mashini inagandisha, saa ambayo linapaswa kuwa kavu. Ndani ya mashini hiyo, pampu inazungusha maji juu ya bati baridi. Maji safi yanaganda, madini yanabaki katika beseni la chini. Barafu ikianguka, vane ndogo ya umeme inafunguka, inamwaga yale maji mazito, kisha inajifunga. Isipojifunga, beseni halijai, pampu inavuta hewa, barafu inatoka nyembamba au haitoki kabisa. Isipofunguka ni kinyume: barafu inakuwa nyeupe kama maziwa, na ukoko unajijenga kila mahali.

Tuliweka bidoni chini ya tiyo. Lita 20 zilijaa hata nusu saa haijafika. Na tangi la koperative hujazwa kwa maji ya kununua! Mama alishika kichwa.

Tulichomoa waya ukutani, tukafunga bomba la tangi, tukapiga picha ya nyaya mbili za vane kabla ya kuzigusa. Ndani tulikuta ukoko mgumu, na mpira umepasuka. Mpira ungekuwa mzima, kuosha kwa siki kungetosha. Maji ya Kivu yana madini mengi, kwa hiyo msishangae kukuta ukoko huo kwenu pia.

Vane mpya ilichukua siku nne kufika. Siku hizo samaki ziliuzwa jioni kwa bei ya kutupa, nyingine zilikaushwa. Wakati wa kuagiza, someni volti iliyoandikwa kwenye bobini ya vane ya zamani, na mpime unene wa tiyo. Bora mbebe ile ya zamani yenyewe dukani. Kuna pia mshale unaoonyesha maji yanakoelekea. Sisi tuliufunga ukitazama nyuma, ikavuja tena, tukafungua upya huku mama anacheka.

Kabla ya kuwasha tuliosha beseni kwa siki na kulisuuza. Barafu ya kwanza ilitupwa. Ya pili ilitoka nene na angavu, tiyo likabaki kavu mpaka ilipoanguka. Sasa kila Jumatatu mama anaweka bidoni pale chini wakati mashini inagandisha, anarudi baada ya dakika kumi kuchungulia.